Zawadi za Kunyang'anywa

Nashona mashuka. Nashona na foronya, na mapazia, na vile vitambaa vya mezani ambavyo wenye gesti huviagiza kwa mbwembwe halafu wakaviacha kabatini, lakini riziki yangu hasa ni mashuka. Cherehani zangu ziko Kilosa, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Wateja wangu karibu wote wako Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako malori yanalala, madereva wanalala, na kila asubuhi kuna shuka lililotobolewa na sigara. Mimi moshi wa sigara hunibana kifua, lakini siwezi kuwasema vibaya wavutaji. Wamenisomeshea watoto.

Kila mwisho wa mwaka, katikati ya Krismasi na mwaka mpya, nawapelekea wateja zawadi. Nilichagua siku hizo kwa sababu wengine ni Waislamu na wengine Wakristo, na mwaka mpya ni wa wote. Tena sitaki mtu wa kunipelekea. Nakodi gari dogo la mizigo, mashuka yanakaa chini, zawadi zinakaa juu yake, nami nakaa mbele na dereva nikimwambia apunguze mwendo.

Kuchagua naanza mapema, tangu mwezi wa pili, wa tatu. Kalenda niliikataa zamani. Ukiingia mapokezi ya gesti yoyote ya Mikumi mwezi wa kwanza utakuta kalenda zimepandana ukutani, ya muuza saruji juu ya ya muuza soda, na zote zinasema tarehe ileile. Sukari nayo niliikataa. Mtu wa Mikumi akisogea kidogo tu yuko Ruhembe katikati ya miwa. Nitampelekea sukari kama nani? Mchele sawa, hasa wa Tindiga, ule ambao ukiupika jirani anajua. Lakini hata mchele si wa kila mtu. Ninapopeleka mzigo, mikono inahesabu mashuka na macho yanatafuta kilichopungua. Askari mmoja mstaafu mwenye gesti nilimkuta anawamiminia wageni chai iliyopoa, nikajua hapohapo kuwa zawadi yake ni chupa ya chai. Mama mmoja mlokole nilimwona anasoma Biblia ameinyoosha mbali na uso mpaka mkono umeishia, nikamnunulia miwani ya kusomea pale sokoni kwetu. Alisema ni Roho aliyenionyesha, nami sikubishana.

Wapo na wakorofi. Meneja wa loji moja ya watalii aliwahi kuninong'oneza kuwa zawadi yake nimpelekee nyumbani, si ofisini. Nilielewa anachotaka. Nilipeleka keki kubwa jikoni mwa loji, nikaikata mbele ya wafanyakazi wote, na kipande cha kwanza nikampa yeye. Alikila akinitazama. Oda zake zikapungua kidogo, na usingizi wangu ukaongezeka.

Lakini mteja niliyempenda kuliko wote hakuwahi kutaka zawadi iliyofungwa kwenye karatasi.

Ni mama mtu mzima, amenipita umri kwa mbali, ana gesti na jiko la chakula karibu na pale malori yanapoegeshwa. Yeye ni Msagara, na mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa Msagara vilevile. Mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa Kilosa. Babu yangu alikuja kukata mkonge Kimamba, hakurudi tena Tabora. Sasa Wanyamwezi na watu wa huku ni watani, tangu enzi za wale babu waliopita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani unaruhusiwa kumtukana na kumpora, naye haruhusiwi kukasirika. Na akifiwa, wewe mtani ndiye mwenye kazi ya kufika msibani ufanye vituko: uvae nguo za marehemu, uige mwendo wake, uzuie mambo mpaka wakukomboe kwa chochote, ili wafiwa wapate kupumua katikati ya kulia. Watoto wa siku hizi wanadhani ni mchezo. Ni kazi, na ina wenyewe.

Mwaka wa kwanza nilimpelekea kitenge kilichofungwa vizuri na utepe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, maana heshima ya umri kati yetu ilitangulia siku zote. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikishika kile kifurushi kwa vidole viwili.

"Mnyamwezi analeta zawadi?" alimgeukia mumewe aliyekaa mapokezi. "Baba, njoo uone maajabu. Babu zao walipita hapa wakala mihogo yetu mpaka mashamba yakabaki meupe, leo mjukuu ameleta kitenge. Kimeibwa hiki."

"Kimeibwa," mumewe alikubali bila kuinua kichwa.

Kitenge hakukifungua. Badala yake alinivua mtandio wangu, niliokuwa nimejitanda mwenyewe asubuhi ile, akajitanda yeye, akaniuliza kama haukumpendeza. Nilirudi Kilosa kichwa wazi, nikicheka peke yangu mpaka dereva akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa cha kupewa kwake hakina ladha. Anataka cha kunyang'anya.

Tangu hapo zawadi yake nikawa naivaa. Wateja wengine vyao vilikaa nyuma kwenye gari, chake kilikaa mwilini mwangu. Mwaka mmoja nilinunua mkoba wa ngozi, nikatia ndani leso yangu na simu, nikaingia nao nikijishaua. Alimimina vitu vyangu vyote juu ya meza ya wateja, akaning'iniza mkoba begani, akaendelea kugawa wali. Mwaka mwingine nilichagua makubazi mazuri ya kushonwa kwa mkono. Miguu yake ni mikubwa kuliko yangu, kwa hiyo nilitembea mle ndani nikiburuza kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, na watu wote waliokuwa wakila walijua kinachokuja isipokuwa mimi niliyejifanya sijui. Nilirudi nyumbani na ndala za wageni, zimeandikwa namba ya chumba kwa rangi nyekundu ili zisiibwe.

Nami nilipora. Kikaango chake cha chuma ninacho mpaka leo, na nilikitoa jikoni kingali na mafuta. Mwaka fulani niliondoka na jogoo. Dada yangu mkubwa, ambaye hukaa nami chumba cha mbele akikunja pindo, hakupenda kabisa mambo haya. Alisema huwezi kufanya biashara na mtu mnayeibiana naye. Mimi nilimjibu kuwa hakuna mteja mwingine ninayemwamini kiasi cha kumwibia.

Mwaka juzi yule mzee, mumewe, alifariki. Mimi nilikuwa nimelazwa Morogoro, nimetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na nyumbani walinificha habari mpaka nilipopata nguvu za kukaa kitako. Nilipoweza kufika Mikumi kuhani, arobaini ilikuwa imepita. Nilimkuta ndani, yuko eda, amezungukwa na wanawake wa ukoo. Nilisema pole kama wote. Alijibu asante kama anavyowajibu wote. Sikuweza kufanya kituko chochote, maana mshono ulikuwa bado unavuta na chumba kilikuwa kimya mno, na mimi nilijiona mgeni mahali ambapo nilikuwa nimezoea kupekua masufuria.

Baada ya hapo oda ziliendelea kuja. Alinipigia simu mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Naomba unishonee mashuka ya vyumba vya nyuma, kama utapata nafasi." Kama nitapata nafasi. Mtu ambaye miaka yote aliniagiza kwa kusema, leta mashuka kabla sijatafuta fundi mwenye akili. Nilipopeleka mzigo alinipokea kwa adabu, akalipa kwa adabu, akaniuliza hali ya kidonda changu. Oda zilikuwa kubwa kuliko zamani, nami nilizishona kwa huzuni. Nilikuwa nampoteza, na sikuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa sababu machoni pa watu mteja wangu alikuwa palepale.

Basi mwisho wa mwaka ukafika, na kwa mara ya kwanza sikujua nimchagulie nini.

"Mjane hataniwi," alisema dada yangu. "Mpelekee kitu cha heshima. Kikapu cha chakula, kifunge na nailoni, weka utepe mweupe. Umwombee dua, uondoke."

"Hatapenda."

"Atapenda nini, umvamie na mizaha wakati kitanda cha mumewe bado kina joto? Wewe unataka kucheka ili ufurahi mwenyewe."

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilitaka anicheke. Nilitaka mambo yarudi yalivyokuwa, na huenda hiyo ilikuwa haja yangu, si yake. Kwa hiyo nilimsikiliza dada yangu. Nilinunua kikapu cha ukindu, nikatia mchele wa Tindiga, maharage, mafuta ya alizeti na majani ya chai, nikakifunga nailoni na utepe mweupe. Kilipendeza. Nilikitazama usiku kucha kikiwa pale juu ya cherehani na sikukipenda.

Mikumi nilianza na wengine, yeye nikamweka mwisho. Eda ilikuwa imekwisha. Nilimkuta amekaa sehemu ya chakula, kwenye meza ya pembeni, ametulia. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikamkabidhi kikapu kwa mikono miwili, nikasema yale maneno niliyoyapanga njiani, kwamba Mungu ampe subira na mwaka mpya uwe wa heri.

Alikipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mama," alisema. "Mungu akuongezee."

Aliniita mama. Kisha akakiweka kikapu mezani, na hapo nikaona kuwa meza ile ilikuwa na vikapu vingine, vya nailoni, vya utepe, kutoka kwa muuza soda, kutoka kwa majirani, kutoka kwa kila mtu mwenye roho nzuri Mikumi nzima. Changu kilikaa katikati yao na sikuweza kukitofautisha. Tulizungumza habari za mvua. Aliniuliza tena kidonda changu, nikajibu tena kimepona. Nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja, akasimama pale mpaka nilipoingia kwenye gari.

"Tumemaliza?" dereva aliuliza.

"Tumemaliza."

Akawasha gari. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na pale kwenye kiti hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilimkasirikia dada yangu na utepe wake, nikamkasirikia marehemu kwa kufa mimi nikiwa kitandani, nikajikasirikia mwenyewe kwa yale maneno ya dua niliyoyakariri kama mtoto wa shule. Nilimwambia dereva azime gari anisubiri.

Nilirudi ndani bila hodi. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile meza, nikakitafuta kikapu changu kati ya wenzake, nikakibeba.

"Nimerudi kuchukua changu," nilisema. "Nimefikiri nikaona mchele mzuri kama huu ni kuuharibu kwa Wasagara. Mtaukoroga uwe uji."

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja wa lori alibaki na tonge mkononi. Mpishi aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko alinitazama kwa macho ya kuniomba nitoke. Nilijua kabisa kuwa nikiwa nimekosea, kabla jua halijazama mji mzima utasema nilikwenda kumnyang'anya mjane chakula, na hawatakuwa wamedanganya. Lakini si hilo nililoliogopa zaidi. Niliogopa kwamba atasema, chukua tu, mama.

"Weka chini," alisema.

"Siweki."

"Nimesema weka chini, Mnyamwezi."

Alikuwa ameshasimama na kushika mkono wa pili wa kikapu. Tulivutana pale katikati ya meza, mimi na mtu wa umri wa mama yangu, mpaka nailoni ikachanika na pakiti ya majani ya chai ikaanguka chini. Hakukiachia. Alisogeza uso karibu na wangu, na sauti yake ikashuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hospitali, mama. Unajua."

"Najua. Sikulaumu. Lakini nilikungoja." Alivuta pumzi. "Walikuja watu wengi. Walilia vizuri, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyemcheka mzee wangu. Hakuna aliyevaa koti lake. Mtu aliyewatania watu maisha yake yote, tumemzika kimya kimya kama mgeni aliyefia njiani. Na tangu siku hiyo kila anayeingia hapa ananiletea kikapu na kunong'ona."

Nilimwachia kikapu. Lile koti lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mapokezi, koti la rangi ya kahawia lililochakaa viwiko, na vumbi la miezi limekaa mabegani. Nililitungua nikalivaa. Nilisikia mpishi akishtuka.

Sasa mzee yule alikuwa na namna yake ya kukagua mashuka, na hakuna aliyeijua kuliko mimi niliyeteseka nayo. Nilinyanyua bega moja, nikaburuza miguu mpaka kwa yule dereva wa lori, nikamwambia ainue sahani yake. Aliinua. Nikavuta kitambaa cha meza, nikakipeleka dirishani, nikakitandaza kwenye mwanga, nikafumba jicho moja, nikaanza kutembea nacho kutoka pindo hadi pindo nikitafuta tundu. Nilikohoa kikohozi chake, cha kwanza kifupi, cha pili kirefu.

"Mama, njoo uone," nilisema kwa sauti yake. "Huyu Mnyamwezi ametushonea chandarua."

Nikageukia wale waliokuwa wakila, nikawatazama mmoja mmoja kwa lile jicho moja.

"Na nani kati yenu amekula bila kulipa? Nimelala, lakini naona."

Yule dereva wa lori ndiye aliyeanza. Alikuwa mteja wa miaka mingi, na kicheko kilimtoka pamoja na wali. Kisha wapishi. Yeye nilikuwa siwezi kumtazama. Nilipomtazama mabega yalikuwa yanatikisika, mkono umeziba mdomo, na sikujua ni kilio au ni kicheko mpaka aliposhindwa kusimama akakaa, akacheka kwa sauti, akapiga meza kwa kiganja, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Nami nililia. Nililia nimevaa koti la marehemu, nikiwa bado nimefumba jicho moja kwa sababu nilisahau kulifumbua.

Alijifuta uso kwa upande wa khanga. "Haya, vua."

"Sivui. Nikomboe."

"Nikukomboe kwa nini, mwizi wewe?"

"Shauri yako. Mimi nakwenda nalo Kilosa. Nitalivaa sokoni."

Alikinyanyua kile kikapu kilichochanika, akanisukumia kifuani kwa nguvu. "Chukua mchele wako. Chukua na mafuta yako. Nipe koti la mume wangu."

Nililivua nikampa. Alilikung'uta vumbi, akasogeza vikapu vya watu pembeni, akalilaza mezani. Akaanza kulikunja, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, taratibu, kama mtu aliye peke yake. Mpishi aliniambia baadaye kwamba tangu msiba alikuwa hataki liguswe, hata wakati wa kufagia.

"Sasa ndiyo amezikwa," alisema.

Alikaa ameweka viganja viwili juu ya lile koti, na mimi niliona ni wakati wa kuondoka. Nilibeba kikapu changu. Safari hii hakunisindikiza. Nilipokuwa napanda gari nilimsikia akimwambia mpishi, kwa sauti iliyotakiwa inifikie, ahesabu vijiko.